Kuandaa timu ya chemsha bongo: mwongozo kamili kwa walimu walezi na wanafunzi

Timu nyingi za shule hujiandaa kwa njia moja. Mwalimu huchapisha orodha ndefu ya maswali na majibu, wanafunzi hukariri mpaka usiku, kisha siku ya shindano yale maswali hayaonekani. Juhudi ilikuwepo, ila ilielekezwa pasipofaa, kwa sababu swali moja lililofungwa na jibu lake halimsaidii mtu pale muulizaji anapopitia mlango mwingine. Mwanafunzi aliyekariri kwamba Tanganyika ndilo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika hatalitambua ziwa hilohilo likiulizwa kupitia Mto Lukuga au kupitia meli ya Liemba.

Kwa hiyo hapa tutafuata njia nyingine: kujifunza jibu pamoja na vidokezo vyote vinavyolielekea, kisha kufanya mazoezi ya kujua wakati wa kubonyeza kengele.

Hatua ya 1: Soma kanuni kabla ya kugusa kitabu

Chemsha bongo si mchezo mmoja. Kila shindano lina namna yake ya kugawa alama, na alama ndizo zinazoamua ujifunze nini na ubahatishe lini.

Chukua Ghana, ambako shindano la taifa la sayansi na hisabati kwa shule za sekondari, National Science and Maths Quiz, limekuwepo tangu 1993. Kila shule huleta wanafunzi wawili, na kwa kawaida shule tatu hukutana jukwaani. Katika raundi ya kweli au si kweli, jibu sahihi lina alama 2, kosa linakata alama 1, na anayeruhusu swali lipite hapati wala hapotezi. Piga hesabu kidogo hapo. Mwanafunzi asiyejua kitu akibahatisha, nusu ya majibu yake yatakuwa sahihi, hivyo katika maswali 2 atapata 2 na kupoteza 1. Anabaki na faida ya alama 1 pale ambapo mwenzake aliyenyamaza ana sifuri. Kwa kanuni hiyo, woga una gharama. Lakini kosa likikata alama 2, faida yote ya kubahatisha inatoweka, na mashaka yanapozidi ni heri kupisha.

Shindano hilohilo lina raundi ya vitendawili. Vidokezo husomwa kimoja kimoja, vya kwanza vigumu na vya mwisho vyepesi. Anayejibu sahihi baada ya kidokezo cha kwanza hupata alama 5, baada ya cha pili 4, na kuanzia cha tatu 3. Raundi hiyo inaonyesha wazi kwa nini kukariri jibu moja hakutoshi: aliyejua kidokezo kigumu ndiye anayeondoka na alama nyingi.

Uingereza nako, katika kipindi cha University Challenge kilichoanza 1962, swali la kufungulia lina alama 10 na anayelipata hupewa maswali matatu ya nyongeza yenye alama 5 kila moja. Anayemkatiza msomaji kisha akakosea hukatwa alama 5, na wapinzani husomewa swali hadi mwisho.

Basi omba kanuni za shindano lako kwa maandishi. Uliza mambo haya: wanajibu wangapi, je, wanaruhusiwa kushauriana, muda wa kujibu ni sekunde ngapi, kosa linakata nini, na pingamizi linawasilishwaje. Uliza pia lugha ya maswali. Mwanafunzi anayezijua Ugiriki, Ureno na Misri kwa Kiswahili pekee atababaika shindano likiendeshwa kwa lugha nyingine, kwa hiyo aandike majina yote mawili tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Chagua wachezaji wanaokamilishana

Kosa la kawaida ni kuchukua wanne wanaoongoza darasani. Mara nyingi hao wanne wote ni hodari wa masomo yaleyale, na timu inabaki na pengo kubwa upande wa fasihi, michezo au habari za dunia. Wape wote wanaopenda kujiunga karatasi ya majaribio yenye maeneo tofauti: historia, jiografia, sayansi, hisabati, fasihi na sanaa, siasa na mashirika ya kimataifa, michezo. Halafu usitazame jumla peke yake. Mtazame yule aliyepata 9 kati ya 10 kwenye sanaa ingawa hisabati imemshinda. Huyo unamhitaji.

Kila mmoja apewe maeneo mawili ya kubeba kikamilifu na eneo moja la kumsaidia mwenzake, ili asiyekuwepo siku hiyo asiondoke na somo zima. Nahodha si lazima awe anayejua zaidi. Awe mtulivu, anayesikia mnong'ono wa mwenzake na kuukubali haraka, hata kama yeye alikuwa na wazo lake.

Hatua ya 3: Tengeneza kadi za vidokezo

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ninapowasihi walimu watumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Kata karatasi ngumu ziwe kadi za ukubwa wa kiganja. Upande mmoja andika jibu. Upande wa pili andika vidokezo, kuanzia kigumu hadi chepesi. Mfano wa Ziwa Tanganyika:

- Maji yake hutoka kupitia Mto Lukuga na kuingia Mto Kongo.
- Meli ya MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, imesafiri humo. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa baadaye na kurudishwa kazini.
- Kando yake, Gombe, Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960.
- Ujiji, kwenye ufuo wake, ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871.
- Linagawanywa na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia.
- Kina chake kinafika karibu mita 1,470, cha pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi.

Tazama kilichotokea. Kadi moja imegusa jiografia, historia ya ukoloni, Vita vya Kwanza vya Dunia na elimu ya wanyama. Tena kila kidokezo kinazaa kadi mpya. Livingstone anakupeleka kwa Chuma na Susi, waliohakikisha mwili wake unasafirishwa kutoka Zambia ya leo hadi Bagamoyo baada ya kifo chake mwaka 1873, na kutoka hapo hadi Westminster Abbey alikozikwa. Baikal inakupeleka Siberia. Mwanafunzi akifuata nyuzi hizi mwenyewe, hachoki haraka kama anayekariri orodha, kwa sababu kila jambo lina sababu ya kuwa karibu na lingine.

Tarehe nazo zinafaa kadi. Andika "7 Julai" upande mmoja. Nyuma yake: mwaka 1954 TANU ilianzishwa Dar es Salaam, mwaka 2000 mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini 30 Novemba 1999, ulianza kutumika, na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza siku hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Vidokezo vitatu, siku moja.

Kadi iandikwe na mwanafunzi mwenyewe kwa mkono wake. Kadi za kununua au za kunakiliwa kutoka kwa mwenzake hazikai kichwani vivyo hivyo, maana kutafuta na kupanga vidokezo ndiko kujifunza kwenyewe.

Hatua ya 4: Rudia kwa mpangilio wa masanduku

Tafuta maboksi matatu ya viatu. Kadi mpya zote zinaanza boksi la kwanza, linalopitiwa kila siku. Ukijibu kadi sahihi inahamia boksi la pili, linalopitiwa kila baada ya siku tatu. Ukiijibu tena sahihi inakwenda la tatu, linalopitiwa mara moja kwa wiki. Ukiikosa popote ilipo, inarudi boksi la kwanza. Njia hii ilienezwa na mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970, na msingi wake ni wa zamani zaidi: mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio yaliyoonyesha jinsi kumbukumbu inavyopungua kwa kasi mwanzoni, na jinsi marudio yaliyoachanishwa yanavyoidumisha.

Sharti moja tu: funika jibu, jaribu kulitamka kwa sauti, ndipo ugeuze kadi. Kusoma kadi tena na tena kunampa mtu hisia ya kujua bila kujua kwenyewe. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma matini tena na waliojipima kwa kuikumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Shindano lako haliko dakika tano mbele.

Hatua ya 5: Anza na maeneo yenye mitego

Huwezi kusoma kila kitu. Anza na yale ambayo waandishi wa maswali huyapenda, nao huyapenda kwa sababu jibu la haraka kwa kawaida si sahihi.

Miji mikuu ni mfano wa kwanza. Mji mkuu wa Australia ni Canberra, si Sydney. Uturuki ni Ankara. Brazili ilihamia Brasília mwaka 1960, Côte d'Ivoire ilichagua Yamoussoukro mwaka 1983, Nigeria ilihamia Abuja mwaka 1991. Kwetu, Dodoma ndio makao makuu ya Tanzania, na Gitega ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi.

"Wa kwanza" ni mtego wa pili. Wangari Maathai, mwaka 2004, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Nobeli ya Amani. Mwafrika wa kwanza kuipata ni Albert Luthuli wa Afrika Kusini, kwa mwaka 1960. Wanafunzi huchanganya hao wawili, kwa hiyo kadi zao zitajane. Vivyo hivyo katika Nobeli ya Fasihi: Wole Soyinka 1986, Naguib Mahfouz 1988, Nadine Gordimer 1991, J. M. Coetzee 2003, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, 2021.

"Kubwa zaidi" nayo inadai umakini wa kipimo. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika kwa eneo ni Victoria. Kwa kina ni Tanganyika. Nchi kubwa kuliko zote Afrika ni Algeria, lakini kabla ya Sudan Kusini kujitenga Julai 2011 jibu lilikuwa Sudan. Sayari iliyo karibu zaidi na Jua ni Zebaki, ilhali yenye joto kali zaidi ni Zuhura, kwa kuwa angahewa yake nzito ya kaboni dioksidi hunasa joto. Mfupa mrefu zaidi mwilini ni wa paja, na mdogo kuliko yote uko ndani ya sikio, kati ya mifupa 206 ya mtu mzima.

Upande wa kemia, alama zinazotoka Kilatini zinastahili jioni nzima: Fe ni chuma, Au dhahabu, Ag fedha, Cu shaba, Pb risasi, Sn bati, Hg zebaki, Na sodiamu, K potasiamu. Ongeza W, alama ya tangisteni, inayotokana na jina la Kijerumani wolfram. Magonjwa ya upungufu wa lishe nayo hayakosekani: vitamini C na kiseyeye, vitamini D na matege, vitamini A na upofu wa usiku, iodini na rovu, vitamini B1 na beriberi.

Kwenye hisabati ya papo kwa papo, wafundishe namba zinazodanganya macho. 51 ni 3 mara 17. 57 ni 3 mara 19. 91 ni 7 mara 13. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo namba tasa, lakini wengi huzitaja hivyo. Namba 1 si tasa, na 2 ndiyo shufwa pekee iliyo tasa. Jumla ya 1 hadi 100 ni 5,050, na afadhali mwanafunzi aelewe njia kuliko kukariri jibu: jozi 50, kila moja 101.

Mashirika ya kimataifa yana faida kubwa kwa muda mfupi. Umoja wa Mataifa una wanachama 193. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963, na Umoja wa Afrika ukachukua nafasi yake mwaka 2002. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha, ilianza na Kenya, Uganda na Tanzania; Rwanda na Burundi zikajiunga 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024.

Kuna majibu yanayobadilika, na vitabu vya zamani vya chemsha bongo vimejaa majibu yaliyopitwa. Swaziland ni Eswatini tangu 2018. Kuna Makedonia Kaskazini tangu 2019. Mji mkuu wa Kazakhstan uliitwa Nur-Sultan mwaka 2019, ukarudi kuwa Astana mwaka 2022. Pluto si sayari kamili tangu 2006. Idadi ya miezi ya Mshtarii na Zohali hupanda kila wataalamu wanapogundua mingine. Kadi za aina hii ziwekewe tarehe pembeni, na mwezi kabla ya shindano zote zihakikiwe upya.

Hatua ya 6: Mazoezi ya kengele

Maarifa yasiyotoka ndani ya sekunde tatu hayahesabiwi. Kama shule haina vitufe vya umeme, tumia kengele za baiskeli, au kila mmoja agonge meza kwa kijiko, mradi kila sauti itofautiane na nyingine. Msomaji ananyamaza papo hapo kengele inapolia, hata katikati ya neno.

Msomee timu swali hili polepole:

"Mwanabiolojia huyu alisomea shahada yake ya kwanza Atchison, Kansas. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia hapo. Mwaka 1977 alianzisha harakati za kupanda miti. Mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jengo refu katika bustani ya Uhuru Park. Ni nani huyu aliyetunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2004?"

Mwenye kadi nzuri ya Wangari Maathai atabonyeza kwenye "Kansas" au "1971". Wa kawaida atasubiri miti. Anayesubiri Nobeli amechelewa, kwa sababu hapo ukumbi mzima unajua. Baada ya kila swali waulize: ulijua kwenye neno gani, na ulibonyeza kwenye neno gani? Pengo kati ya hayo mawili ndilo la kupunguza, na hupungua wiki hadi wiki ukiliandika.

Ila kasi ina hatari yake. Sikiliza hili: "Ziwa Victoria ndilo kubwa zaidi Afrika kwa eneo, lakini ni ziwa gani lenye kina kirefu zaidi?" Aliyebonyeza kwenye "kwa eneo" na kusema Victoria ameikosesha timu yake. Wafundishe kusubiri maneno ya kugeuza: lakini, ilhali, mbali na, tofauti na, isipokuwa. Swali linapoanza kwa kukupa jambo jepesi kama zawadi, tarajia geuzo mbele. Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: bonyeza pale ambapo umeshajua kinachoulizwa na majibu yanayowezekana yamebaki mawili au moja. Ukijua mada tu bila kujua kinachoulizwa, mkono ukae mbali na kengele.

Kwa maswali ya kushauriana, weka utaratibu. Mwenye eneo lake anasema kwanza, kwa neno moja na kiwango cha uhakika: "Lukuga, nina uhakika" au "Lukuga, nakisia". Wengine wakiwa na jibu jingine wanalitaja mara moja bila kubishana. Nahodha anaamua na kutamka. Jibu la kwanza lililotamkwa kwa msomaji ndilo linalohesabiwa karibu kila mahali, kwa hiyo mchezaji mwingine asidakie.

Hatua ya 7: Wanafunzi watunge maswali

Mara moja kwa wiki kila mmoja alete maswali matano ya kuwauliza wenzake. Anayetunga swali la ngazi, yaani lenye vidokezo kuanzia kigumu hadi chepesi, huanza kuona jinsi watungaji wanavyofikiri. Mpe masharti: jibu liwe moja tu, kidokezo cha kwanza kiwe kweli kwa jibu hilo pekee, kila jambo lihakikiwe katika vyanzo viwili visivyonakiliana. "Mto mrefu unaopita Afrika" si swali, kwa kuwa Naijeri, Kongo na Zambezi zote zinafaa. "Mto unaovuka ikweta mara mbili" ni swali, na jibu ni Kongo.

Sikiliza pia utamkaji. Mwamuzi hawezi kutoa alama kwa jina asilolitambua, kwa hiyo majina magumu kama Yamoussoukro yasemwe kwa sauti mazoezini.

Hatua ya 8: Siku yenyewe, na siku inayofuata

Usiku wa kuamkia shindano pitia kadi za boksi la kwanza kwa muda mfupi, kisha zifungeni. Wachezaji wale chakula walichozoea, wafike mapema na waombe kujaribu kengele za ukumbini, maana nyingine zinahitaji kubonyezwa kwa nguvu. Mwalimu akae mahali wanafunzi wanapomwona, bila kutoa ishara yoyote. Ishara inaweza kuiondoa timu mashindanoni.

Mkiamini mwamuzi amekosea, nahodha anyanyue mkono kwa wakati ulioruhusiwa na aseme kwa adabu jibu lenu, jibu lao na sababu, kwa sentensi mbili. Waamuzi wengi hukubali kuhakiki wakiombwa hivyo. Hata pingamizi likikataliwa, swali linalofuata lina alama zilezile, na wachezaji walifanyie mazoezi jambo hilo pia: mlezi atoe uamuzi usio sahihi makusudi mazoezini, aone nani anaendelea na nani anavunjika.

Mlezi au mwanafunzi wa akiba awe na daftari, aandike kila swali lililoikosesha timu na kila lililojibiwa na wapinzani kabla yao. Mkirudi shuleni, kila swali kati ya hayo ligeuzwe kuwa kadi kamili yenye vidokezo visivyopungua vinne, liingie boksi la kwanza, na mazoezi ya wiki hiyo yaanzie hapo.